Miwani ya Uhalisia Pepe na Kichefuchefu: Kijitabu cha Familia

Kwa nini usome kijitabu hiki

Miwani ya uhalisia pepe, au miwani ya VR kama wengi wanavyoiita, imeshaingia majumbani. Wapo walioletewa na ndugu zao kutoka ughaibuni, wapo wanaolipia dakika chache kwenye sehemu za michezo mjini, na wapo wanaochomeka simu kwenye kiboksi chenye lenzi mbili. Wengi huifurahia. Wengine, kabla hata mchezo haujakolea, huchafukwa na roho, kichwa huwazunguka, na wakiivua wanabaki hoi kwa saa kadhaa.

Hali hiyo inaweza kuzuiwa kwa sehemu kubwa. Ukisahau mengine yote, shika hili: dalili ya kwanza ikitokea, vua miwani. Hapa si pa kujikaza kisabuni.

Mwili unachafuka kwa nini

Ubongo hujua mwili uko wapi na unakwenda wapi kwa kukusanya taarifa kutoka sehemu tatu: macho, misuli na viungo, hasa vya shingo na miguu, na sikio la ndani. Ndani kabisa ya kila sikio kuna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, ambayo hutambua kichwa kinapogeuka. Kando yake kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa, vinavyotambua mwili unapoongeza kasi, kupanda, kushuka au kuinama.

Mtu aliyevaa miwani akacheza mbio za magari, macho yake yanaona anakata kona kwa kasi. Sikio la ndani linasema amekaa tu kwenye kochi. Taarifa zinapingana, na ubongo unajibu kwa jasho, kizunguzungu na kichefuchefu. Ni kinyume cha yanayompata abiria anayesoma simu ndani ya basi linalopanda milima ya Lushoto: sikio lake linazihisi kona zote, ila macho yametulia kwenye maandishi. Dereva wa basi hilo kwa kawaida hachefukwi, kwa kuwa usukani uko mikononi mwake na ubongo wake unaijua kona kabla haijafika.

Maelezo haya ya mgongano wa taarifa yalifafanuliwa na watafiti James Reason na J. J. Brand katika kitabu chao cha mwaka 1975. Ushahidi mmoja mkubwa ni kwamba watu waliopoteza kabisa kazi ya kupima mwendo katika masikio yote mawili hawapatwi na kichefuchefu cha safari. Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko miwani hii. Mwaka 1957 taarifa ya kitaalamu ya Marekani ilieleza marubani waliochefukwa wakijifunza kwenye mashine ya kuigiza helikopta, ilhali hawakuwa angani.

Kwa hiyo anayechefukwa si mwoga wala mshamba. Masikio na ubongo wake vinafanya kazi yao.

Kifaa nacho kina mchango wake. Kichwa kikigeuka, picha inatakiwa igeuke papo hapo. Ikichelewa hata kidogo, mgongano huongezeka. Ndiyo maana vifaa vilivyotoka mwaka 2016, kama Oculus Rift na HTC Vive, vilitengenezwa vionyeshe picha 90 kwa sekunde. Kiboksi cha simu hutambua kichwa kinapogeuka tu. Ukisogea mbele au ukichutama, picha haikufuati, na kichefuchefu huja upesi zaidi.

Dalili

Anayemtazama mvaaji mara nyingi huziona dalili kabla yake. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele za furaha ananyamaza ghafla. Anapiga miayo. Anameza mate mara kwa mara kwa sababu mdomo umejaa. Jasho jembamba linatokeza juu ya mdomo, na uso unapoteza rangi. Ukiona hayo, usimuulize kama anataka kuendelea. Mvue.

Mvaaji mwenyewe huweza kuhisi:

- kichefuchefu au joto la ghafla mwilini;
- kichwa kuuma au kuwa kizito;
- macho kuchoka au kuona ukungu;
- kizunguzungu na kuyumba, hata baada ya kuvua.

Kwa kawaida dalili hutulia ndani ya dakika chache hadi saa chache. Anayelazimisha kuendelea huumwa zaidi, na siku nyingine anaweza kuchefukwa kwa kuiona miwani tu.

Nani awe mwangalifu zaidi

- Anayechefukwa kwenye gari, boti au meli.
- Mwenye kipandauso, au tatizo la masikio au la mizani ya mwili.
- Mjamzito, na mzee anayeyumba akitembea.
- Mwenye mafua, homa, uchovu, usingizi au hangova.
- Mwenye kifafa, au aliyewahi kupatwa na degedege au kuzimia kwa sababu ya mwanga unaomweka. Huyu asivae bila kumuona daktari kwanza.
- Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Baadhi ya miwani na vishikio vyake vina sumaku, hivyo amuulize daktari wake kabla ya kuigusa.

Kwa watoto, soma umri ulioandikwa kwenye boksi la kifaa. PlayStation VR imewekewa miaka 12 na kuendelea. Kampuni ya Meta ilishusha umri wa chini wa miwani yake kutoka miaka 13 hadi 10 mwaka 2023, kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Umri huo si ruhusa ya kumwacha mtoto peke yake chumbani na miwani.

Kabla ya kuvaa

*Pima umbali wa macho.* Lenzi zisipokaa mbele ya mboni, picha huwa na ukungu, macho hukaza na kichwa huuma. Kwa watu wazima wengi umbali kati ya mboni mbili ni karibu milimita 63, ila kila mtu ana wake. Simama mbele ya kioo, weka rula juu ya pua chini kidogo ya macho. Fumba jicho la kulia, linganisha sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza rula wala kichwa, fumbua la kulia, fumba la kushoto, kisha soma namba iliyo katikati ya mboni ya kulia. Weka lenzi kwenye kipimo hicho au kilicho karibu nacho. Miwani ikihamia kwa mwingine, rekebisha upya.

*Andaa tumbo.* Usivae ukiwa na njaa, wala ukitoka kushindilia ugali au pilau. Kula kidogo, subiri.

*Andaa chumba.* Fungua madirisha. Washa feni ikupulizie usoni. Ondoa meza, stuli na waya za kukukwaa, na asiwepo mtoto anayetambaa karibu.

*Futa miwani.* Sponji inayogusa uso ifutwe kila inapobadilisha mtu. Mwenye macho mekundu yenye tongotongo asiivae kabisa.

Ukiwa umevaa

- Anza ukiwa umekaa, kwa dakika tano tu. Ukimaliza salama, pumzika. Ongeza dakika taratibu siku kwa siku. Kwa watu wengi mwili huzoea.
- Anza na michezo ambayo wewe ndiye unayesogea na picha inakufuata: kupiga ngoma, kuchora, kutazama samaki. Mbio za magari, ndege na treni za burudani zinazopanda na kushuka kwa kasi ziache mwishoni.
- Kwenye mipangilio, chagua kusogea kwa kuruka kutoka sehemu hadi sehemu badala ya kuteleza, na kugeuka kwa hatua badala ya mfululizo.
- Washa mpangilio unaobana kingo za picha unaposogea, kama upo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2016 kwamba kubana taratibu namna hiyo hupunguza usumbufu.
- Hata ukijisikia vizuri, pumzika dakika 10 hadi 15 kila baada ya nusu saa.

Ukishachefukwa

Vua miwani ukiwa umekaa. Tazama kitu cha mbali kisichosogea, kama paa la nyumba ya pili au mti, au fumba macho ulale chali. Pata hewa. Kunywa maji kidogo kidogo. Chai ya tangawizi huwatuliza baadhi ya watu na haina ubaya kuijaribu. Usiangalie simu wala televisheni mpaka kichwa kitulie.

Usiendeshe gari, pikipiki wala baiskeli, na usipande ngazi ya kuegemeza, mpaka dalili zote ziishe.

Dawa nyingi za kichefuchefu cha safari zinazouzwa famasi huleta usingizi, na mojawapo, promethazini, haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Usimpe mtoto dawa ili apate kucheza.

Nenda kituo cha afya iwapo

- kutapika hakukomi, au kizunguzungu kinapita siku moja;
- unaona vitu viwili viwili, kichwa kinauma vikali, au mkono, mguu au uso umelegea;
- ulianguka ukagonga kichwa;
- kuna homa. Usiisingizie miwani; kapime malaria.

Mtu akipatwa na degedege, mvue miwani, ondoa vitu vigumu karibu naye na mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Tazama saa: ikipita dakika tano, au ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, mkimbize hospitali.

Makubaliano ya nyumbani

Yaandikeni, myabandike mahali miwani inapokaa:

1. Mtoto havai bila mtu mzima kuwepo.
2. Kuna saa mezani, na muda ukiisha umeisha.
3. Anayesema "nimechoka" anavua hapo hapo, na hachekwi.
4. Mgonjwa na mwenye usingizi hawavai.
5. Mgeni anaanza na dakika tano, hata akisema amezoea.