Wi-Fi 4, 5 au 6: Ipi Inafaa Nyumbani Kwako?

Kama uko Laare na unauza miraa, unajua mzigo huu haungoji mtu. Mnunuzi akisema ameshalipa, unataka kuona pesa kwenye simu kabla gari halijaondoka. Ndiyo maana wateja wetu wengi wanaweka Wi-Fi nyumbani. Lakini kabla hujalipia rauta, hebu tuzielewe hizi namba.

Namba ni kizazi tu

Wi-Fi 4 ilitoka 2009, Wi-Fi 5 ikaja 2013, na vifaa vya Wi-Fi 6 vikaanza kupewa vyeti 2019. Kwenye boksi unaweza kukuta 802.11n, 802.11ac au 802.11ax. Usichanganyikiwe, ni hizo hizo tatu kwa mpangilio huo.

Mbali au mbio?

Wi-Fi husafiri kwa masafa. Ya 2.4 GHz hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, ila husongamana kwa sababu majirani nao wako hapo. Ya 5 GHz ina kasi, lakini ukuta wa mawe huipunguza nguvu haraka. Mabati ndiyo shida kubwa kwa zote mbili. Rauta nyingi za bei ya chini za Wi-Fi 4 zina 2.4 pekee. Wi-Fi 5 hutumia 5 GHz, na rauta zake nyingi huongezewa 2.4. Wi-Fi 6 hutumia zote, na huhudumia vifaa vingi kwa wakati mmoja bila kulemewa.

Usilipie kasi usiyoipata

Kama unalipia intaneti ya Mbps 10, Wi-Fi 6 haiwezi kuifanya iwe 20. Na simu ya Wi-Fi 4 itabaki na kasi yake ya Wi-Fi 4 hata kwa rauta mpya. Kutuma pesa kunatumia data kidogo sana. Kwa nyumba yenye simu mbili tatu, rauta ya Wi-Fi 5 yenye masafa yote mawili inatosha kabisa. Ploti yenye wapangaji wengi wanaotumia laini moja? Hapo Wi-Fi 6 ina maana.

Usalama kwanza

Chagua WPA2 au WPA3 kwenye mipangilio. WEP ni ya zamani na huvunjwa kwa urahisi, achana nayo. Badilisha nenosiri lililokuja na rauta, na lisifanane kamwe na PIN yako ya pesa.

Na Wi-Fi ikikatika ukilipa?

Tulia. Usitume mara ya pili kabla ya kuangalia salio na ujumbe wa uthibitisho, maana huenda malipo ya kwanza yalipita. Pia kumbuka kwamba menyu ya nyota na reli haitegemei Wi-Fi. Inapita kwenye mtandao wa laini yako. Rauta ikizima, bado unaweza kulipa.

Kwa hivyo leo, kabla ya kwenda dukani, angalia kwanza simu yako ni ya kizazi gani. Hapo ndipo utajua rauta ya kununua.