Meseji ya pesa si taito: kabla hujalipia shamba la marehemu

Tuseme umepata robo eka nje kidogo ya soko la Kanyakine. Kuna migomba, kuna makadamia michache, na stima imefika kwa jirani. Bei ni Sh900,000. Anayeuza ni kijana wa boma hilo, mtu mliyesoma naye. Anakuambia, "Nitumie laki mbili leo nilipe karo, hizo zingine tutamaliza pole pole." Unatuma. Meseji inaingia, jina ni lake, na wewe unaanza kuhesabu mawe ya msingi.

Kazi yetu ni kusafirisha pesa, kwa hivyo tuseme wazi ile meseji inathibitisha nini. Inaonyesha kwamba kiasi fulani kilitoka nambari hii kikaenda nambari ile, siku na saa fulani. Haisemi kilikuwa cha nini. Sheria ya Mikataba ya Kenya inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwepo. Ukienda kortini na meseji peke yake, una ushahidi kwamba ulituma pesa. Ushahidi wa kununua shamba huna.

Lakini kwa mfano wetu, karatasi si shida kubwa. Shida kubwa ni jina lililo kwa taito.

Kabla ya kutuma hata shilingi, fanya sachi. Unahitaji nambari ya shamba, na ada hulipwa kupitia eCitizen. Majibu yanakuonyesha mwenye shamba, ukubwa wake, na kama kuna mkopo wa benki au zuio lolote juu yake. Mara nyingi sana kwetu Meru jina linalotoka ni la baba aliyekufa, au babu. Wana wamegawana kwa mdomo, kila mmoja ana upande wake, mipaka imepandwa miti na kila mtu anaiheshimu. Nyumbani huo ni mgawo. Kwa sheria, shamba lote bado ni la marehemu.

Hapo ndipo watu wengi hupotezea pesa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu yeyote kushika mali ya marehemu bila idhini ya korti. Akiuza, anafanya kosa ambalo adhabu yake ni faini ya hadi Sh10,000, au jela hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata yule aliyepewa usimamizi na korti haruhusiwi kuuza ardhi mpaka usimamizi wake uthibitishwe. Kwa hivyo rafiki yako anaweza kuwa mkweli kabisa, shamba liwe ni la baba yake kweli, na bado asiwe na kitu cha kukuuzia.

Njia yenyewe haina siri. Familia inachukua cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote, inapeleka maombi kortini, na tangazo linatoka kwenye gazeti rasmi la serikali. Mwenye pingamizi anapewa siku 30. Usimamizi ukishatolewa, kwa kawaida husubiriwa miezi sita kabla ya kuthibitishwa, na cheti cha uthibitisho ndicho kinachosema nani anapata nini. Si lazima muende Mahakama Kuu mjini Meru. Korti ya hakimu pia husikiza mirathi ikiwa thamani ya mali haizidi kiwango chake, na Nkubu ni karibu.

Soma ile barua ya chifu vizuri. Je, mabinti wametajwa? Marehemu asipoacha wosia, sheria inagawa mali kwa watoto wote sawa, mvulana kwa msichana, aliyeolewa na asiyeolewa. Dada aliyeolewa Chuka ambaye hakuulizwa anaweza kurudi baada ya miaka na kuomba korti ifute ule usimamizi, na wewe nyumba yako ishafika lenta. Mama mjane naye ana haki ya kuitumia ardhi maisha yake yote. Hata yeye mwenyewe akitaka kuuza, anahitaji watoto wazima wakubali, na korti pia ikubali.

Kuna jambo ambalo sachi haitakuonyesha. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya shamba iliyotoka hapa kwetu Meru. Shamba lilikuwa kwa jina la mtu mmoja, na jamaa wakasema analishikilia kwa niaba ya familia. Mahakama ilisema haki ya namna hiyo inaweza kumfunga mwenye taito hata kama haikuandikwa popote kwenye rejista, na hata kama wanaodai hawaishi kwenye shamba. Kwa hivyo tembea. Uliza majirani wazee. Angalia makaburi ni ya nani, na nani anachuma kahawa upande ule wa chini.

Shamba la kilimo linahitaji pia kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali mauzo huwa batili. Muuzaji afike pale na mke wake, kwa sababu nyumba ya ndoa haiuzwi bila mwenzake kukubali. Weka kando pia ushuru wa stempu, ambao ni juu ya mnunuzi: asilimia 2 mashambani, asilimia 4 mjini.

Sasa turudi kwa simu. Kikomo ni Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku, kwa hivyo bei ya shamba itakatwa vipande. Kila kipande kiende kwa nambari ya mtu aliyetajwa kwenye mkataba. Usikubali ya shemeji, wala ya broka "kwa sababu simu yake imezima". Mwambie wakili aandike kwenye mkataba tarehe, kiasi na nambari ya kila muamala. Malipo makubwa ni afadhali yakae kwa wakili mpaka kibali kipatikane.

Na kama ulishatuma? Usifute zile meseji. Pakua taarifa ya akaunti yako ya kipindi hicho, uchapishe, uweke mahali salama. Kisha keti na familia yote, si yule rafiki peke yake, muwaombe wafungue mirathi. Warithi wakikubaliana, kipande chako kinaweza kutajwa kortini wakati wa uthibitisho, kikatwe kutoka kwa fungu la aliyekuuzia. Wakikataa, shamba ni gumu kulipata. Lakini mauzo yakiwa batili kwa kukosa kibali cha bodi, sheria inakuruhusu kudai pesa zako kama deni, na hapo ile taarifa ya akaunti ndiyo utamkabidhi wakili kwanza.