Tiba ya Uraibu na Ugonjwa wa Akili kwa Pamoja: Somo kwa Zahanati na Familia za Handeni na Korogwe

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, kuanzia Kwaluguru hadi kwenye mashamba ya mkonge yaliyo kandokando ya barabara kuu, mtu anayeongea peke yake na kuona visivyoonekana hupewa moja ya majina mawili: mwendawazimu au mlevi. Akiitwa mwendawazimu, familia humpeleka kwa mganga au hospitali. Akiitwa mlevi, huachwa. Kitabibu, mgawanyo huo haufai. Watu wengi wenye ugonjwa mkali wa akili hutumia pia pombe, bangi au heroini, na waraibu wengi wana sonona, wasiwasi au skizofrenia. Kila ugonjwa huuchochea mwenzake.

Tuchukue mfano wa mkata mkonge anywaye gongo kila siku kwa miaka. Anapata homa, analala siku tatu bila kunywa. Usiku wa tatu anatetemeka, anatoka jasho, hajui yuko wapi, na anafukuza siafu asiowaona mwingine yeyote. Asubuhi anafikishwa zahanati akiwa amefungwa kamba, na maelezo ya ndugu ni mafupi: amepandisha mashetani. Mtoa huduma aliye peke yake zamu hiyo hushawishika kumdunga klopromazini ili atulie. Hapo ndipo maisha yanapoweza kupotea. Dalili hizo ni za mwili ulionyimwa pombe ghafla. Degedege hutokea zaidi katika saa 48 za mwanzo, na kuweweseka huja kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne. Klopromazini humwongezea hatari ya degedege.

Swali la kumwuliza ndugu, kabla ya sindano yoyote, ni hili: alikunywa mara ya mwisho lini? Ikithibitika kwamba ni arosto ya pombe, dawa yake ni diazepamu, miligramu 10 hadi 20 kwa kinywa, hata mara nne kwa siku, kisha ipunguzwe taratibu ndani ya siku tatu hadi saba, upumuaji wake ukiangaliwa. Thiamini itangulie maji ya glukosi, kwani sukari bila vitamini hiyo inaweza kuudhuru ubongo wa mlevi mwenye lishe duni. Kipimo cha malaria, sukari ya damu na uchunguzi wa jeraha la kichwa visisahauliwe: mlevi naye huugua kama watu wengine, na harufu ya pombe imewaficha wagonjwa wengi. Anayeweweseka apewe rufaa siku hiyohiyo.

Akishatulia, ndipo kazi ya pili huanza. Huzuni inayoandamana na ulevi mara nyingi hupungua yenyewe baada ya wiki mbili hadi nne za kutokunywa, hivyo si busara kumwandikia kila mtu dawa za sonona siku ya kwanza. Lakini ikiwa huzuni ilitangulia pombe, au mgonjwa anazungumzia kujiua, hakuna kusubiri. Kwa kijana mvuta bangi anayesikia sauti, historia ndiyo kipimo: je, sauti hudumu wiki nyingi baada ya kuacha? Zikidumu, huenda ni skizofrenia, na bangi humwongezea makali.

Kosa kubwa zaidi ni lile sharti linalosikika pande zote mbili: «Acha pombe kwanza, ndipo tukutibu akili.» Nyumba za kuwasaidia waraibu nazo wakati mwingine humwachisha mgonjwa dawa zake za akili, kana kwamba haloperidoli ni kilevi. Robert Drake na wenzake huko New Hampshire, Marekani, waliutetea mwelekeo mwingine: timu moja na mpango mmoja wa kutibu yote mawili kwa wakati mmoja. Katika zahanati yenye watumishi wawili, hilo maana yake ni faili moja na mtu yuleyule anayeuliza habari za sauti na habari za kilabu katika ziara ileile.

Mgonjwa naye ana la kujua. Wengi huruka haloperidoli siku waliyokunywa, kwa kuambiwa kwamba dawa na pombe haviendani, na ruko hilo hurudisha sauti. Ni heri aeleze ukweli ili mtoa huduma amshauri. Tahadhari kubwa ni kwa dawa za usingizi na za kifafa, kama diazepamu na fenobabitali, ambazo zikichanganywa na pombe huweza kusimamisha pumzi.

Mahali pa rufaa papo. Milimani Korogwe ipo Lutindi, iliyoanzishwa 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani na kupokea wagonjwa wa akili tangu 1904. Kwa watumiaji wa heroini, methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na Jiji la Tanga lina kliniki yake Bombo. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hivyo mkazi wa Handeni apangiwe mahali pa kulala mjini kabla hajaanza. Na anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini amwambie mhudumu mapema, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu ya methadoni na arosto hurudi ndani ya siku chache.