Kupima Joto la Tanuri Pasipo Kuligusa

Hapa Juba, kando ya mto Nile, watu wengi hujipatia riziki kwa kufyatua na kuchoma matofali. Mwaka jana nilimsaidia mjomba wangu katika kazi hiyo. Usiku wa pili tuliona ndimi za moto ni za manjano, zang'aa sana. Tukadhani matofali yameiva, tukaacha kutia kuni, tukaziba midomo ya tanuri kwa udongo. Mvua ilipokuja, matofali mengi yalimomonyoka, na karo yangu ikaenda nayo. Ndipo nilipotaka kujua: je, joto la moto mkali hupimwaje?

Kipimajoto cha zebaki hakifai, maana zebaki huchemka kwa digrii 357 za Sentigredi, na matofali huhitaji kama digrii 900 hadi 1000. Waya za kupimia joto zaweza kutiwa tanurini, lakini huliwa na moto. Tena katika kiwanda cha saruji, kama kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966, tanuri ni pipa refu linalozunguka, na mawe ndani yake hufika digrii 1450. Basi hapana budi kupima kwa mbali.

Kila kitu chenye joto hutoa miali. Mwaka 1879 Josef Stefan alionyesha kwamba nguvu ya miali hiyo huongezeka upesi kuliko joto lenyewe. Kitu kikipanda kutoka digrii 900 hadi 1000, miali yake huzidi kwa zaidi ya theluthi moja. Rangi nayo hubadilika: kwanza nyekundu iliyofifia, kisha nyekundu iliyoiva, kisha rangi ya chungwa, manjano, na mwisho nyeupe.

Chombo kimoja cha kupimia ni darubini ndogo yenye taa ndani yake. Mpimaji huchungulia tanurini akiuona uzi wa taa mbele ya moto. Uzi ukiwa mweusi kuliko moto, huongeza umeme. Uking'aa kupita moto, hupunguza. Uzi ukitoweka machoni pake, joto la viwili hivyo ni sawa, naye husoma digrii. Vyombo vya siku hizi hupima miali vyenyewe. Hata kile tulicholengwa nacho kwenye paji la uso wakati wa korona, mwaka 2020, chafuata kanuni iyo hiyo, ingawa hakiwezi joto la tanuri.

Lakini tujihadhari. Moshi na vumbi huzuia miali, hivyo chombo huonyesha joto pungufu. Chuma king'aacho hutoa miali michache kuliko tofali lenye joto lile lile. Na ndimi za moto hudanganya: manjano yake ni masizi yanayowaka, nayo yaweza kupita digrii 1000 hali matofali bado yako 600. Hilo ndilo lililotuponza.

Mwaka huu hatukuwa na chombo, ila tulikuwa na maarifa. Tulichungulia kwa muda mfupi katika tundu dogo, usiku, tukitazama matofali wala si ndimi, tukangoja hata yakawa na rangi ya chungwa. Tulipoyafungua na kuyagonganisha, yalilia kama kengele.