Upawa Si Kijiko

Katika nyumba nyingi vyombo vya kupakulia na vyombo vya kulia huwekwa pamoja katika kikapu kimoja, na mtu ahitajipo kimoja huchukua kile kilicho karibu na mkono wake. Mchuzi hupakuliwa kwa kijiko, maji ya mtungini hutekwa kwa kikombe kilichotoka kinywani, na dawa ya mtoto hupimwa kwa kijiko chochote kilichooshwa. Watu husema kwamba vyombo hivi ni ndugu. Ni kweli, walakini kila kimoja kina kazi yake, na kuzichanganya kazi hizo kwaweza kuleta ugonjwa nyumbani.

Watu wa pwani walivitenga vyombo hivi kwa majina tangu zamani. Upawa hufanywa kwa kifuu cha nazi kilichokatwa kifupi, pungufu ya nusu, kisha hutobolewa matundu na kupitishwa kijiti kiwe mpini. Kwa kuwa hauna kina kirefu, wafaa kwa mchuzi. Kata nayo ni ya kifuu vilevile, lakini hukatwa juu zaidi ili ichukue maji mengi, na kazi yake ni kuteka mtungini. Mwiko ni wa mti, bapa, wa kusongea ugali na kupakulia wali. Na kijiko, kama jina lenyewe linavyoonyesha, ni mwiko uliofanywa mdogo. Mahali pasipo minazi watu walipasua vibuyu; Wajaluo huita chombo cha namna hiyo agwata.

Tofauti iliyo kubwa si ukubwa wala mpini. Upawa husafiri kati ya chungu na bakuli, na kijiko husafiri kati ya bakuli na kinywa. Kijiko kikisha kuguswa na mate, hakirudi tena chunguni, maana chakula cha watu kumi kitakuwa kimeonjwa na mmoja. Mpishi wa pwani aliyefunzwa vema haonji kwa upawa. Hutia tone la mchuzi katika kiganja cha mkono wake akalamba hapo, na upawa ukabaki safi.

Habari ya kata yastahili kuangaliwa zaidi. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Maji yaweza kutoka bombani au kisimani yakiwa safi, kisha yakachafuliwa ndani ya nyumba na vidole vya yule anayetumbukiza kikombe mtungini. Kata yenye mpini mrefu huuweka mkono mbali na maji. Lakini faida hiyo hupotea kata ikilazwa sakafuni, au mtoto akiinywea. Hapana budi itundikwe ukutani, na maji yamiminwe katika kikombe cha mnywaji. Mwenye jerikeni ya mdomo mwembamba hahitaji hata kata, kwa sababu humimina tu.

Upawa una kazi nyingine pia, nayo ni kugawa kwa haki. Katika karamu na katika shule, upawa mmoja kwa kila mtu ndicho kipimo, wala hakuna anayelalamika. Hata hivyo kunde na maharagwe huzama, na mpakuaji asiyekoroga huwapa wa kwanza maji matupu, na nafaka zote zikawangojea wa mwisho. Watoto wa shule hulijua jambo hili kuliko walimu wao, ndiyo maana wengine hawana haraka ya kupanga mstari.

Kipimo cha dawa ni jambo jingine kabisa. Maelezo ya chupa yanaposema kijiko kidogo kimoja, maana yake ni mililita 5, si kijiko cha chai cha nyumba yoyote. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 ulipima vijiko vya chai vya nyumbani huko Ugiriki, ukakuta kidogo kabisa chachukua mililita 2.5 na kikubwa kabisa 7.3. Basi mtoto mmoja hupata nusu ya dawa, asipone. Na mwingine hupata karibu mara moja na nusu. Dawa ya homa iitwayo parasetamoli ikizidishwa mara kwa mara huharibu ini. Kwa hiyo kitumike kijiko, kikombe au bomba lisilo na sindano lililotolewa pamoja na dawa. Kikipotea, mzazi aombe kingine kwa mwuza dawa, asikisie.

Lipo jambo moja ambalo kijiko cha nyumbani kimeokoa watoto wengi, nalo ni kuharisha. Iliyo bora ni pakiti ya chumvi na sukari itolewayo zahanati, ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ikiwa haipatikani, chukua lita 1 ya maji safi, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, visiwe na kichuguu juu. Mtu asitumie upawa wala mkono, kwa kuwa chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mama na aonje kwanza: maji yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwagwe, yafanywe mengine. Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe kijiko kimoja kidogo kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, angojewe dakika 10, kisha aanzishwe tena polepole. Akilegea, akiwa na damu katika choo au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali mara moja, huku akiendelea kupewa njiani ikiwa aweza kumeza. Maji yaliyobaki yasitumiwe baada ya siku moja.