SOMO: NANI ALIYELIPA NAULI YA KIONGOZI?



Kiongozi anaposafiri nje ya nchi kwenda kutafuta soko na wawekezaji, yupo anayelipa. Tiketi za ndege, hoteli, chakula, magari na posho za wasaidizi lazima zitoke katika mfuko wa mtu fulani. Lengo la somo hili ni kutusaidia kuuliza swali la nani aliyelipa, bila kutanguliza ushabiki wa chama. Tutatumia mfano wa Marekani, kwa kuwa huko vyama viwili vikubwa, Republican na Democrat, hupokezana madaraka katika majimbo, na kila kimoja kimepata zamu yake ya kusafiri.

1. Chanzo cha ubishi

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana aliyechaguliwa na wananchi. Mambo ya nje ni kazi ya serikali kuu iliyoko Washington. Hata hivyo, magavana husafiri ng'ambo kutafuta wanunuzi wa bidhaa za majimbo yao na kushawishi makampuni kufungua ofisi na viwanda kwao.

Katiba ya nchi hiyo inamkataza mwenye cheo cha serikali kuu kupokea zawadi kutoka kwa mfalme au dola ya kigeni bila idhini ya Bunge. Katazo hilo haliwagusi magavana. Wao wanaongozwa na sheria na taratibu za majimbo yao, nazo hazifanani. Hapo ndipo mlango wa mabishano unapofunguka.

2. Njia tatu za kulipa, na lawama za kila njia

(a) Walipa kodi. Mwezi Februari 2015 Gavana Scott Walker wa Wisconsin, wa chama cha Republican, alikwenda Uingereza katika ziara ya biashara. Gharama zilibebwa na shirika la jimbo la kukuza uchumi, ambalo linaendeshwa kwa fedha za umma. Wapinzani wake wa Democrat walisema kwamba mwananchi analipia safari ya mtu anayejitayarisha kugombea urais. Mwezi Julai mwaka huohuo Walker alitangaza kugombea, na mwezi Septemba akajitoa. Je, ziara ile ilikuwa ya biashara au ya kujitafutia jina? Yawezekana ilikuwa vyote viwili, na ndiyo maana ni vigumu kutenganisha gharama.

(b) Makampuni. New Jersey ilichukua njia nyingine. Mwaka 2010, Gavana Chris Christie wa Republican alipokuwa ameanza kazi, lilianzishwa shirika lisilo la faida liitwalo Choose New Jersey, ambalo hupata fedha kutoka kwa makampuni. Shirika hilo lililipia ziara zake za Mexico mwezi Septemba 2014, Kanada mwezi Desemba 2014, na Uingereza mwezi Februari 2015. Hoja ya watetezi ilikuwa nyepesi kueleweka: mwananchi anapata faida ya ziara bila kutoa senti. Lakini hoja hiyo haikuwa kamili, kwa sababu polisi wanaomlinda gavana hulipwa na jimbo popote aendapo. Aidha, miongoni mwa wachangiaji wa shirika hilo walikuwamo makampuni ya umeme na gesi, ambayo bei zake husimamiwa na bodi ya jimbo, na wajumbe wa bodi hiyo huteuliwa na gavana. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Mwananchi ana haki ya kuuliza kama kampuni inachanga kwa mapenzi ya jimbo, au kwa kutazamia jambo fulani.

(c) Mwenyeji au rafiki tajiri. Mwezi Aprili 2012 Christie alifanya ziara ya biashara nchini Israel, kisha akaenda Jordan. Mwezi Februari 2015 gazeti la New York Times liliandika kwamba ndege iliyompeleka Israel ilitolewa na tajiri wa makasino Sheldon Adelson, na kwamba Mfalme Abdullah wa Jordan aligharimia mapumziko ya gavana na familia yake, ikiwemo hoteli ya takriban dola 30,000. Wasaidizi wa gavana walijibu kwamba taratibu za jimbo zinamruhusu kupokea zawadi ya rafiki binafsi. Wakati wa safari hiyo, Adelson alikuwa akipinga kuhalalishwa kwa kamari ya mtandaoni katika New Jersey, na uamuzi ulikuwa mikononi mwa gavana.

Tuwe waadilifu hapa. Mwezi Februari 2013 Christie alitia saini sheria ya kuruhusu kamari hiyo, kinyume na matakwa ya Adelson. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ndege ilinunua saini. Hata hivyo, madhara yalikwisha kutokea: mwananchi alijua habari za ndege hiyo karibu miaka mitatu baadaye, tena kupitia gazeti. Kiongozi akificha mlipaji, hata uamuzi wake wa haki huonekana una doa.

3. Zamu ilipobadilika

Mwezi Januari 2018 Phil Murphy wa chama cha Democrat aliingia madarakani New Jersey. Mwezi Oktoba mwaka huo alikwenda Ujerumani na Israel, na mwezi Septemba 2019 alikwenda India. Mfuko uliogharimia ulikuwa uleule wa Choose New Jersey. Chama kilibadilika, mlipaji akabaki palepale.

Hili ndilo fundisho kubwa la somo letu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mshabiki huona rushwa katika ndege ya mpinzani wake, lakini ndege ileile ikimbeba mtu wa chama chake huiita uwekezaji. Ukiuliza swali kwa upande mmoja tu, hujauliza juu ya uwajibikaji, umefanya kampeni. Nao viongozi hujua hivyo, wakatumia ushabiki wetu kama kichaka cha kujifichia.

4. Mambo ya kuzingatia

Katika mifano hii hatukuona njia ya kulipa isiyo na kasoro. Kodi ni fedha ya umma na yafaa ihurumiwe. Mchango wa kampuni una macho. Zawadi ya mwenyeji ina deni. Lililo muhimu ni masharti yanayoambatana na njia iliyochaguliwa. Kwa mtazamo wangu, masharti haya matano yanafaa:

- Mlipaji na kiasi vitangazwe kabla ya safari, wala visingoje waandishi wa habari.
- Asiyekubalika kulipa ni yule mwenye ombi, zabuni au shauri linalosubiri uamuzi wa kiongozi huyo.
- Gharama za mwenzi, watoto na mapumziko zitenganishwe na za kazi, na kiongozi azilipe mwenyewe.
- Gharama za ulinzi zihesabiwe, ili neno "bure" lisitumike ovyo.
- Taarifa itolewe baada ya safari: nani walikutana, nini kilikubaliwa, na baada ya mwaka mmoja nini kimetekelezwa.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inagusa suala la zawadi na matamko ya viongozi, na mwezi Novemba 2015 Rais John Magufuli alizuia safari za nje za watumishi kwa lengo la kubana matumizi. Kuzuia safari hupunguza gharama, lakini hakujibu swali la nani alipe ile safari ambayo ni ya lazima. Swali hilo linatuhusu hata sisi wa miradi, tunaoalikwa semina za ng'ambo kwa tiketi za wafadhili.

5. Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, ni heri safari ya kiongozi ilipwe kwa kodi inayojulikana, au kwa mchango usiojulikana? Toeni sababu.
2. Kama kiongozi mnayempenda angefanya alilofanya yule msiyempenda, je, mngesema maneno yaleyale?
3. Katika kikundi chenu, mwenyekiti akilipiwa safari na muuza pembejeo mnayenunua kwake, wanachama wajulishwe lini, na nani aamue?
4. Andikeni kanuni mbili ambazo kikundi chenu kinaweza kuanza kuzifuata mwezi huu, kisha zisomwe katika mkutano ujao mbele ya wanachama wote.