Utalifungulia Wapi? Maswali na Majibu Kuhusu Begi la Kamera kwa Safari za Mara

Mpiga picha anayeishi Musoma ana ziwa mlangoni, mawe ya Mwitongo upande mmoja na nyumbu wa Serengeti upande mwingine. Njiani anakutana na vumbi, mawimbi, mvua isiyobisha hodi na safari nyingi za bodaboda. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii, kuanzia Bunda hadi Butiama, huniuliza habari za kamera kwanza. Za begi huja baadaye, mara nyingi lenzi ikiwa imeshaingia maji. Nimekusanya hapa maswali yanayonijia zaidi.

Kaka, nimepata kamera yangu ya kwanza ya maana na sasa natafuta begi. Nianze kuangalia nini: ukubwa, jina la kampuni au bei?

Anza kwa kujiuliza utalifungulia wapi. Begi la kamera halifanyi kazi likiwa limefungwa mgongoni. Hapo hata begi la shule linatosha. Kazi yake inaonekana pale unapotaka kubadilisha lenzi haraka na huna meza wala sakafu safi.

Fikiria mtumbwi unaokwenda kisiwa cha Lukuba. Chini kuna maji, nyavu na magamba ya samaki, kwa hiyo begi linakaa mapajani. Hapo unahitaji linalofunguka juu, uingize mkono na kutoa kitu kimoja bila vingine kuonekana. Fikiria tena miamba ya Mwitongo. Ukilaza begi linalofungukia mbele, upande wa mgongo ndio unaogusa tope, na tope hilo utalivaa kwenye shati safari nzima. Begi lenye mlango upande wa mgongoni linalala kifudifudi, mikanda ikiangalia juu, nawe unabaki msafi. Mlango huo una faida nyingine: ukiwa umelivaa, mtu aliye nyuma yako stendi ya Bweri hawezi kuufungua.

Sokoni, au mwaloni Mwigobero wakati dagaa wanashushwa, ni mlango wa ubavuni unaokufaa. Unatoa bega moja, unalizungusha begi mbele ya kifua, unatoa kamera. Matukio ya mwaloni hayasubiri upate pa kukaa.

Chagua mahali unapopiga picha mara nyingi, kisha tafuta begi linalofunguka vizuri hapo. Ukubwa utaufuata, na jina la kampuni liwe la mwisho kabisa.

Mimi ni dereva wa watalii Bunda, na siku za mapumziko napiga picha za wanyama. Nina lenzi ya 150–600. Begi la lita ngapi litanitosha?

Lita zinadanganya. Kampuni moja huhesabu mifuko ya nje, nyingine haihesabu. Pima kwa sentimita. Lenzi kama yako ina uzito wa kilo 2 hivi, na ikiwa imefungwa kwenye bodi urefu wake unakaribia sentimita 35. Nenda dukani nayo, iingie ikiwa imeunganishwa na kamera, zipu ifungwe bila kusukumwa. Usikubali begi linalokulazimisha kuitenganisha kila mara, kwa sababu vumbi la barabara za Serengeti wakati wa kiangazi litaingia ndani ya kamera kila unapobadilisha lenzi.

Lakini wewe, ndugu yangu, una gari. Kutoka Bunda unafika lango la Ndabaka kwa lami, na ndani ya hifadhi hubebi begi mgongoni, linakaa kwenye kiti. Unachohitaji ni begi linalofunguka lote kwa zipu moja, lenye pembe ngumu zinazolifanya lisimame lenyewe. Mikanda minene ya kupandia mlima kwako haina thamani ya bei yake. Fedha utakayookoa inunulie mto wa kuegemezea lenzi dirishani: mfuko wa kitambaa kigumu unaosafiri nao mtupu na kuujaza mahindi au maharage sokoni Bunda asubuhi. Nyumbu wanapopita ukanda wa magharibi, mara nyingi kati ya Mei na Julai, mto huo utakusaidia kuliko stendi yoyote ya kamera.

Na funika begi kwa khanga au shuka ndani ya gari. Vumbi linapita kwenye meno ya zipu hata ikiwa imefungwa.

Dada yako hapa ni mwandishi wa habari, Musoma mjini. Nikishinda na begi siku nzima mabega yananiuma mpaka usiku. Tatizo ni begi au ni mimi?

Ni begi, dada, na karibu kila mara kosa liko kwenye urefu wa mgongo wake. Tafuta mfupa uliochomoza chini ya shingo, kisha weka viganja kiunoni juu ya mifupa ya nyonga. Urefu wa kati ya sehemu hizo mbili ndio mgongo wako. Mabegi mengi ya kamera yameshonwa kwa mgongo wa mwanamume mrefu. Likiwa refu kuliko wewe, mkanda wa kiunoni unashuka hadi makalioni na uzito wote unabaki mabegani.

Mkanda mpana wenye sponji, uliokaa juu ya nyonga na kukazwa kabla ya mikanda ya mabega, unahamishia sehemu kubwa ya mzigo kwenye miguu. Ule mwembamba wa utepe mtupu unazuia tu begi lisiyumbe. Lijaribu likiwa na uzito: litie chupa za maji za kilo 6 na utembee dukani dakika 10. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine.

Punguza pia unachobeba. Kwa habari za mjini, bodi moja, lenzi ya 24–70 na betri mbili zinakidhi siku nyingi.

Kava la mvua linalokuja na begi linatosha kwa ziwani?

Halitoshi, na naomba hili lisikike vizuri kwa sababu kamera nyingi zinafia hapa. Kava linafunika mbele na ubavuni. Upande unaogusa mgongo wako uko wazi. Mvua inateremka shingoni, inapita kati yako na begi na kunywewa na sponji, na sponji inakaa na unyevu huo kwa siku kadhaa bila wewe kujua. Giza, joto na unyevu ndivyo ukungu wa lenzi unavyotaka. Ukishaota kati ya vioo, fundi atafungua lenzi yote, na alama zinaweza kubaki.

Kwenye mtumbwi maji hayatoki juu pekee. Yanaruka ubavuni na yanakusanyika chini. Zamani wengi walifunga kamera kwenye rambo. Tangu 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini, na mfuko mbadala wa sokoni hauzuii maji. Nunua mfuko wa turubai unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa kwa kifungo, uutie ndani ya begi lako, kamera ikae humo. Ukikosa, ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, na taulo ndani yake, ni kinga ya kweli. Haipendezi machoni, lakini mfuniko ukiwa umebana inaelea.

Sasa la usalama. Ndani ya chombo cha majini, iwe mtumbwi au kivuko cha Kinesi, fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani. Vaa jaketi okozi. Begi likae mapajani au miguuni. Mtu aliyefungwa kilo 8 mgongoni akianguka majini anavutwa chini. Kabla ya kuondoka muulize mvuvi hali ya upepo na mawingu: mvua za radi juu ya ziwa hupenda usiku na alfajiri, na mchana upepo unaotoka ziwani huinua mawimbi. Furukombe uliyemkosa leo utamfuata kesho.

Ukirudi nyumbani, toa kila kitu, fungua zipu zote na uliache begi kivulini penye upepo. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vya kunyonya unyevu, usivitupe. Vitie kati ya vigawanyio.

Rangi ina maana yoyote, au ni urembo?

Ina maana kubwa upande wetu. Ukanda wa magharibi wa Serengeti una mbung'o, wale wengine wanaowaita ndorobo, nao wanavutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo mbili. Ukiingia na begi jeusi au la buluu umewaita mwenyewe, na mbung'o anachoma hata kupitia shati. Isitoshe, begi jeusi likiachwa juani linapika betri zako. Kijivu, kahawia au rangi ya udongo inakufaa.

Kuna rangi moja ya kuepuka kabisa: mabaka ya kijeshi. Maduka ya ng'ambo yanauza mabegi ya kamera ya namna hiyo kwa wapiga picha wa ndege na wanyama, na kwao ni halali. Hapa mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo si ya raia. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa waliokuwa nayo kuyasalimisha. Usijitafutie kesi kwa sababu ya begi. Kijani cha kawaida kisicho na mabaka hakina shida.

Kwenye bodaboda begi likae wapi? Na kwenye basi?

Kwenye bodaboda likae mgongoni mwako, mikanda imekazwa mpaka lisipigepige. Dereva akikuomba aliweke mbele yake juu ya tenki, mshukuru na ukatae. Mtetemo wa injini unalegeza skrubu ndogo za lenzi, na mwili wako ndio unaoumeza. Kwenye basi liwe mapajani au chini ya kiti cha mbele yako. Wapiga debe wa stendi watataka kukusaidia kulipeleka kwenye buti, penye vumbi na magunia. Waambie kwa upole kwamba hilo linapanda na wewe.

Shikamoo mzee. Niko Butiama, nataka kupiga picha Mwitongo na makumbusho. Niende na vifaa vyote?

Marahaba, mwanangu. Hapana, nenda na vichache. Mwitongo ni nyumbani kwa familia ya Mwalimu Nyerere, na hapo ndipo alipozikwa Oktoba 1999. Mtu anayeingia na begi kubwa lililoning'inizwa stendi ya kamera anaonekana amekuja kuchukua, hata kama nia yake ni njema. Begi dogo la lita 15 hadi 20, bodi moja, lenzi pana kwa majengo na mawe, na moja ya kuvuta kwa ajili ya pimbi wanaoota jua kwenye miamba. Omba ruhusa ya kupiga picha kabla hujafungua zipu, nyumbani na kwenye makumbusho pia. Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu, wageni huwa wengi, na mvua za vuli nazo huanza mwezi huo, kwa hiyo ule mfuko wa turubai uwemo.

Nikisafiri kwa ndege je?

Betri za akiba na pawa benki ziingie nawe ndani, si kwenye mzigo unaopelekwa chini. Hiyo ni kanuni ya usafiri wa anga popote. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa kila moja. Betri ya kamera ina kama 16, na pawa benki ya mAh 20,000 ina 74, hivyo uko salama. Funika ncha za betri zisigusane na funguo au sarafu.

Uzito ndio unaosumbua. Mashirika mengi huruhusu kilo 7 za mkononi, na begi tupu lenye sponji nene linaweza kula 2 kati ya hizo. Ndege ndogo zinazotua Serengeti kwa kawaida huweka kilo 15 kwa mizigo yote pamoja, na hutaka mabegi laini yasiyo na fremu wala magurudumu. Uliza kabla ya kununua tiketi.

Begi jipya siliwezi. Mitumba inafaa, au nimpe fundi anishonee?

Vyote viwili vinafaa, na nimeona kazi nzuri ikitoka kwenye vyote. Kwenye mitumba utakuta begi halisi la kampuni ya Lowepro, imara kuliko mapya ya bei ndogo. Ingiza pua ndani kwanza: harufu ya ukungu ikiwepo, liache, maana hautoki kwenye sponji. Papasa kitambaa upande wa ndani. Kikinata au kumenyuka, utando wa kuzuia maji umeshakufa na utabandika vipande kwenye lenzi. Vuta kila zipu mara kadhaa. Kichwa cha zipu kinabadilishwa kwa bei ndogo, lakini meno yaliyong'oka yanataka zipu nzima.

Kwa fundi, usimwombe akushonee begi zima. Chukua begi la kawaida lenye mikanda mizuri, akushonee boksi la ndani la kuingia na kutoka. Sponji ya godoro inabonyea ikabaki karatasi kwa muda mfupi. Mpe ile ngumu ya mkeka wa mazoezi, au malighafi ya ndala, unene wa sentimita 1 ubavuni na 2 chini. Kitambaa cha kuzungushia kiwe laini kisichotoa nyuzi, na vigawanyio vishikwe kwa velkro ili uvihamishe ukibadilisha lenzi. Mpelekee kamera na lenzi zenyewe apime, si vipimo vya kwenye simu.